Tipu ya Kilimanjaro: hesabu kwa kichwa, tangaza mbele ya wote

Siku ya mwisho kwenye geti la Mweka, wanakotokea wapandaji wengi wa Kilimanjaro wakishashuka, mambo huenda haraka. Vyeti vimetoka, wimbo umeimbwa, wapandaji wanataka kuoga. Bahasha moja nene inatoka mkononi mwa mpandaji na kuingia mkononi mwa mwongozaji mkuu, picha inapigwa, magari yanaondoka. Mpandaji ametoa tipu nzuri na moyo wake umetulia. Ila mgumu, yaani mpagazi, aliyebeba hema lake siku saba hajui ndani mlikuwa na kiasi gani, na ataamini atakachoambiwa. Bahashishi na bahasha ni maneno yanayofanana sikioni, na mlimani yamezoeana kupita kiasi.

Watu wengi hujiuliza watoe ngapi. Swali hilo lina jibu jepesi, tutalifikia. Gumu zaidi ni hizo pesa zitapitia mkono wa nani.

Kwanza ijue timu yako. Juu kabisa yuko mwongozaji mkuu, chini yake wasaidizi, kwa kawaida msaidizi mmoja kwa kila wapandaji wawili au watatu. Kuna mpishi. Halafu wapo wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, na jina limewafaa. Kwenye njia za mahema kama Machame, Lemosho na Rongai, kila mpandaji huhitaji wagumu watatu hadi wanne. Marangu ina vibanda vya kulala, hivyo mahema ya wageni hayabebwi na idadi hupungua. Baadhi ya wagumu wana kazi ya ziada: mmoja ni weita, anapanga meza na kuleta chai hemani alfajiri, mwingine anabeba na kusafisha choo cha kubebeka, mwingine huongozana na kundi usiku wa kwenda kileleni.

Kikomo cha mzigo wa mgumu ni kilo 20, na mizani iko getini. Ndani ya hizo 20 vitu vyake mwenyewe huhesabiwa kama kilo 5, kwa hiyo mzigo wa safari ni 15. Wewe ukiondoka kambini saa mbili asubuhi, yeye anabaki kukunja hema, kisha anakupita njiani na kufika mapema kukusimamishia tena. Kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, haina maji. Yale unayonawia uso pale yamebebwa kichwani kutoka bonde la Karanga. Mpandaji akilijua hilo, hesabu ya tipu hubadilika yenyewe.

Viwango vinavyotumika sana ni vya siku, kwa kila mfanyakazi, na vinatoka kwa kundi zima la wapandaji, si kwa kila mpandaji. Hapo ndipo wengi wanapochanganya, wengine wakalipa mara nne na wengine robo. Mwongozaji mkuu hupata dola 20 hadi 25 kwa siku, msaidizi 15 hadi 20, mpishi 12 hadi 15, mgumu 6 hadi 10. Weita na mtu wa choo huongezewa dola moja au mbili juu ya mgumu wa kawaida. Siku ya kushuka nayo ni siku, hata kama mmefika getini saa sita mchana.

Chukua mfano wa watu wanne, Machame, siku saba. Mwongozaji mkuu kwa 20 anapata 140. Wasaidizi wawili kwa 15 kila mmoja, 210. Mpishi kwa 12, 84. Wagumu 14 kwa 7 kila mmoja, 686. Weita na mtu wa choo dola moja zaidi kwa siku, 14. Jumla ni dola 1,134, yaani kila mpandaji atoe kama 284. Kila mgumu wa kawaida anaondoka na 49. Ukitazama jumla unashtuka. Ukitazama 49 kwa wiki nzima ya kubeba, hushtuki tena.

Anayepanda peke yake huumia zaidi, maana timu haipungui kwa kiwango kile kile. Mtu mmoja Marangu kwa siku tano, akiwa na mwongozaji (20), mpishi (12) na wagumu watatu (21), anatoa dola 53 kwa siku, jumla 265. Akiongezwa msaidizi, ambaye ni wa maana sana endapo mwongozaji atalazimika kumshusha mtu usiku, ongeza 75.

Na sisi wazawa je? Ada za hifadhi kwa Mtanzania ni ndogo mno kuliko za mgeni, na makundi ya ofisini na ya vyuoni yanayopanda kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, hupanga bajeti kwa shilingi. Mzigo lakini haujui uraia. Dola moja ikiwa shilingi 2,500, dola 6 za mgumu ni 15,000 kwa siku. Kundi likishindwa kufika hapo, liseme mapema, kabla ya geti la kupandia, si siku ya mwisho huku watu wamesimama mstari. Kwa maoni yetu, 10,000 kwa siku iliyotangazwa wazi na ikafika ni bora kuliko 15,000 iliyoingia kwenye bahasha isiyo na orodha.

Sasa pesa zenyewe. Mgeni anayekuja na dola alete noti safi, zisizochanika wala kuandikwa, na zisiwe za zamani. Maduka mengi ya kubadilishia fedha hukataa zilizochapishwa kabla ya 2006, na noti ndogo za dola moja na tano hubadilishwa kwa bei mbaya kuliko za 50 na 100. Ukimpa mgumu dola 49 za noti chakavu umempa kazi ya kuzunguka Moshi mzima. Shilingi ndizo rahisi kwake. Tatizo la shilingi ni wingi: noti kubwa kabisa ni ya 10,000, kwa hiyo zile dola 1,134 ni noti 283 na ushee, na mashine za benki hutoa kwa mafungu. Usingoje asubuhi ya kupanda ukiwa na foleni mbele yako. Toa kidogo kidogo siku mbili kabla, na uombe benki elfu tano na elfu mbili za kutosha, vinginevyo utafika kambini na jumla sahihi isiyogawanyika.

Kundi la watu wasiojuana, wale walioungwa na kampuni siku ya kuanza safari, lichague mweka hazina usiku wa kwanza. Kila mmoja ampe fungu lake kabla ya usiku wa kileleni. Baada ya kileleni watu wamechoka, wengine wanaumwa, na hesabu za watu waliochoka huwa hazikubaliani.

Usiku huo huo wa kwanza, mwombe mwongozaji awatambulishe wote. Andika majina na kazi ya kila mmoja kwenye daftari. Usione haya, kampuni inayofanya kazi vizuri itakuletea orodha kabla hujaomba. Orodha hii inazuia mambo mawili. La kwanza ni wagumu hewa, majina yanayojitokeza siku ya tipu ambayo hayakuonekana kambini. La pili ni kinyume chake: chakula kikipungua, mgumu mmoja au wawili hushushwa siku ya tatu au ya nne, na wakishaondoka husahaulika. Hao wana haki ya siku walizofanya. Waliobeba siku tatu kwa 7 wana 21 zao, na jina la atakayewapelekea liandikwe.

Wapi na lini? Kuna wanaotaka tipu itolewe hotelini Moshi au Arusha, kwenye viti na soda baridi. Kwa mgeni ni raha. Kwa wagumu ni hasara, kwa sababu wengi wao hawafiki huko. Wanaishia getini, wanapanda daladala kwenda makwao, na anayebaki hotelini ni mwongozaji na labda mpishi. Getini penyewe kuna kelele, wauzaji wa fulana, mvua, na watu wanaowahi usafiri. Wakati mzuri ni asubuhi ya mwisho kambini, Mweka au Horombo kutegemea njia, kabla mizigo haijafungwa, watu wote wakiwa wamesimama pamoja.

Hapo usitoe hotuba ndefu. Msomaji mmoja, ikiwezekana kwa Kiswahili, asome: mwongozaji mkuu kiasi hiki, kila msaidizi hiki, mpishi hiki, kila mgumu hiki, waliopo ni 14. Taja kiasi cha mtu mmoja mmoja. Jumla peke yake haimsaidii mgumu, kwani hajui inagawanywaje. Kisha kila mtu apewe mkononi, pesa zikiwa zimeshapangwa kwenye bahasha zenye majina tangu usiku. Mwongozaji akisema utaratibu wa kampuni ni yeye kugawa, sawa, mpe, ila baada ya kutangaza na akiwa na nakala ya orodha. Tangazo ndilo kinga, kwa sababu mgumu aliyesikia 49 na kupewa 30 anajua pa kuuliza. Kilimanjaro Porters Assistance Project, ofisi ya Moshi inayotetea wapagazi tangu 2003, imekuwa ikisisitiza uwazi huu kwa kampuni zilizo chini ya mpango wake.

Wazawa wana njia nyingine: simu. Unaweza kumtumia kila mmoja moja kwa moja, ukaongeza na ya kutolea. Mtandao mlimani hukatika, kwa hiyo chukua namba kambini na utume mkifika chini. Kabla ya kubonyeza, linganisha jina linalotokea na lile la kwenye daftari. Namba ya "rafiki yangu atanipa" ikatae kwa upole. Na tangazo lifanyike vile vile, hata kama hakuna noti inayopita mkononi.

Ambaye hakufika kileleni hapaswi kukata tipu. Mwongozaji aliyekugeuza ukiwa unatapika na kuyumba amefanya kazi yake, tena sehemu ngumu kuliko zote. Mkishuka mapema, lipa siku zilizopangwa. Timu ilishaacha safari nyingine kwa ajili yako. Aliyekushika mkono usiku ule au kukubeba, muongeze dola 10 hadi 20, lakini pembeni na baada ya ugawaji wa wote. Kama huduma ilikuwa mbovu, punguza juu, kwa aliyekuwa na mamlaka. Mgumu hakupanga menyu, wala si yeye aliyekosea saa ya kuondoka.

Makoti, glovu na viatu unavyoacha ni zawadi, si tipu. Havilipi ada ya shule. Ukitaka kuvigawa, weka namba kwenye vikaratasi watu wachague, maana ukimkabidhi mmoja vitu vyote umeanzisha ugomvi na kuondoka.

Kabla ya kulipia safari, iulize kampuni mambo matatu kwa maandishi: mgumu analipwa shilingi ngapi kwa siku, analipwa siku ngapi baada ya kushuka, na je, tipu inahesabiwa kuwa sehemu ya mshahara wake? Mpango wa ile ofisi ya Moshi una kiwango chake cha chini cha malipo ya siku, mbali na tipu. Safari ya bei ya kutupa hupata unafuu wake mahali fulani, na ada za hifadhi kampuni haiwezi kuzipunguza. Jibu la swali la tatu likija na maneno mengi, tafuta kampuni nyingine.