Vifaranga kufia ndani ya yai siku za mwisho

Pole sana ndugu. Umesema uliweka mayai 60 ya kienyeji kwenye mashine ya kuangulia, vikatoka vifaranga 22, na mengi uliyopasua yalikuwa na vifaranga vilivyokamilika vilivyofia ndani. Basi usimuuze jogoo ukidhani ndiye tatizo, yai lisilo na mbegu halifiki huko.

Mimi ningeanza na unyevu wa hewa ndani ya mashine. Siku 18 za kwanza asilimia 50 hadi 55 inatosha. Siku tatu za mwisho pandisha hadi 65 au 70, acha kugeuza mayai, na tafadhali usifungue mashine hata ukisikia milio. Ukifungua mvuke unatoka, utando wa ndani ya yai unakauka, kifaranga kinanasa. Ila kama vilikuwa vimelowa na kuvimba, unyevu ulizidi tangu mwanzo.

Usitegemee kipimajoto cha mashine peke yake. Weka kingine usawa wa mayai. Kwa mashine yenye feni kisome nyuzi 37.5 za Selsiasi.

Siku ya 7 mulika kwa tochi gizani, utoe yasiyo na mishipa ya damu.

Mayai uliyakusanya kwa siku ngapi kabla ya kuyaweka? Yakipita wiki, uwezo wa kuanguliwa unashuka. Na umeme ulikatika?