Alamu Inayozimwa Kila Siku

"Hiyo iache, fundi, ndiyo kawaida yake." Mtu wa zamu aliniambia hivyo bila hata kugeuka. Kwenye paneli ya fida, yaani laini ya kusambaza umeme, ya 33 kV, taa ya alamu ya mzunguko wa tripu, ule unaoifungua breka kukiwa na hitilafu, ilikuwa inawaka. Breka, ile swichi kubwa ya kukata umeme, ikifunguliwa, inawaka, ikifungwa ili umeme upite, inazimika. Nikaiacha. Na waya zile nilizifunga mimi mwenyewe.

Wiki chache baadaye taa ikawaka breka ikiwa imefungwa. Nani angeshtuka? Waya ulikuwa umelegea kwenye teminali ya koili ya tripu, ile inayoifyatua breka ifunguke. Jioni mti ukaangukia laini. Rilei, kifaa cha ulinzi, ikaona hitilafu na kutoa amri, breka haikutikisika. Ikafunguka breka ya transfoma, fida zote zikalala giza.

Kosa langu lilikuwa hili: mkondo wa usimamizi, ule mdogo unaokagua kama njia ya koili ni nzima, niliupitisha kwenye kontakti saidizi (swichi ndogo inayofuata mwendo wa breka) moja tu, ile inayojifunga breka ikifungwa. Breka ikifunguka njia inakatika, na alamu inalia bure. Weka njia ya pili sambamba nayo: kontakti saidizi ya kinyume ikiwa na rizista, ili koili isimamiwe hata breka ikiwa wazi. Utaujua ubovu kabla ya kuwasha laini.

Rizista usiikadirie kwa macho. Breka ikiwa wazi, shoti kontakti ya tripu, ile ya rilei inayotoa amri, kisha pima volti kwenye koili. Zikiwa nyingi, siku kontakti hiyo ikinata koili itaungua. Rizista ikizidi ukubwa nayo, inputi ya rilei, inayousoma mkondo wa usimamizi, haipati volti za kutosha. Kwa betri ya 110 V, inputi inayosubiri 88 V inaweza kukutesa kwa alamu za uongo; chagua yenye kizingiti cha chini. Muda wa kuchelewesha alamu uzidi ule ambao kontakti ya tripu hukaa imefunga.

Nyaya za pailoti ndizo zilizonifundisha kutoamini ukimya. Rilei za ncha mbili za kebo hulinganisha mikondo kupitia jozi moja ya waya hizo. Mchimba mtaro akiikata, mfumo wa mkondo wa kuzunguka, ambao hali ikiwa ya kawaida mkondo huzunguka kwenye jozi hiyo, unaweza kutripu fida isiyo na hitilafu yoyote, mzigo ukitosha. Ule wa volti zinazopingana, ambao volti za ncha mbili huzuiana mkondo usipite, utanyamaza tu, hata siku ya hitilafu yenyewe. Soma mchoro ujue wako ni upi, halafu weka kifaa cha kuisimamia jozi hiyo kwa mkondo mdogo wa DC. Kijaribu kwa kuchomoa waya mmoja, tripu ikiwa imetengwa ncha zote mbili.

Na usiuguse waya huo mikono mitupu kwa sababu unafanana na wa simu. Hitilafu ya ardhi ikitokea kituo cha pili, ardhi ya kule hupanda volti, na waya huo unaweza kukuletea volti hizo hadi mkononi. Mimi huuchukulia kama waya wenye moto: glavu kwanza, bisibisi baadaye.