Usipime mto siku za jua tu: kwa mnaoanza utafiti wa maji na matumizi ya ardhi

Mwaka wangu wa kwanza nilichagua siku za jua. Njia zilipitika na chupa zilirudi safi. Kijito kinachopita mashambani kilitoa majibu yanayokaribiana na ya kile cha msituni, nami nikaanza kuandika kwamba kulima hadi ukingoni hakujayadhuru maji. Kisha mvua ikanikuta kituoni, pale ninapochotea sampuli. Nilichota kwenye vijito vyote viwili, nikazisimamisha chupa juu ya jiwe. Ya msituni ilikuwa na ukungu kidogo tu. Ya mashambani ilikuwa tope. Baada ya nusu saa udongo ulikuwa umetuama chini, na bado kidole changu hakikuonekana upande wa pili wa chupa.

Rasimu ile niliifuta yote. Fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea, nyingi yake ya mashambani husafiri ikiwa imeshikamana na chembe za udongo, na sehemu kubwa ya udongo wa mwaka mzima huweza kupita katika mvua chache kubwa. Usiyapishe mafuriko halafu useme umeupima mto. Ila usalama wako kwanza: maji yakijaa, chota ukiwa darajani kwa ndoo na kamba. Pima na mtiririko pia, maana bila huo hutajua mzigo uliobebwa, yaani jumla ya udongo na fosforasi iliyopita. Naitreti, umbo la nitrojeni litokalo kwenye mbolea, ina tabia nyingine kabisa. Inayeyuka, inazama ardhini, na inaweza kuufikia mto miaka mingi baada ya mbolea kuwekwa. Kwa hiyo ramani ya matumizi ya ardhi ya mwaka huu peke yake haitoshi kueleza maji ya mwaka huu. Tafuta na picha za zamani.

Ramani zenyewe zina mapengo. Pikseli ya mita 30, yaani kijimraba kimoja cha picha ya setilaiti, huumeza ukanda wa miti wenye upana wa mita 10. Tembea ukingoni kwa miguu, pande zote mbili, kuanzia kituoni kwenda juu. Tafuta mitaro hasa. Ukanda wa nyasi na miti unaweza kuonekana umekamilika, lakini mtaro mmoja ukiupasua, maji ya shambani hupita hapo hapo bila kuchujwa na jani hata moja. Andika pia mifugo inashukia wapi kunywa.

Miti ikikatwa, maji hupata joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: kama miligramu 9 kwa lita yakishiba kwenye nyuzi 20, na kama 7.5 kwenye nyuzi 30. Mwanga ukiongezeka juu ya mbolea, mwani hustawi. Mchana hutoa oksijeni, usiku huila. Ukipima saa nane mchana utaona mto wenye afya, kumbe samaki walikuwa wanakosa pumzi saa kumi na moja alfajiri. Amka uende.

La mwisho ni dogo, lakini linaniumiza kila nikikutana nalo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa naitreti katika maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, ikihesabiwa naitreti nzima. Ikihesabiwa nitrojeni peke yake ni kama 11. Maabara ikikuletea 20 ya nitrojeni nawe ukailinganisha na 50, utawaambia watu wanywe maji yaliyovuka kikomo. Uliza kipimo kabla hujachora grafu.