Nahodha Aliyezikwa Poperinge

Swali: Mheshimiwa Mhariri, nimesikia kwamba nahodha wa timu ya raga ya New Zealand ya mwaka 1905 aliuawa vitani. Alikuwa nani, na je, alilazimishwa kwenda?

Jibu: Ndugu msomaji, huyo ni Dave Gallaher, mzaliwa wa Ireland aliyehamia New Zealand na wazazi wake akiwa mtoto. Katika ziara ya mwaka 1905 na 1906, kikosi chake kilicheza mechi 35 na kupoteza moja tu, ile ya Cardiff ambako Wales ilishinda 3-0.

Hakulazimishwa. Alikuwa amekwisha kupigana katika Vita vya Makaburu, na umri wake ulikuwa zaidi ya miaka 40. Hata hivyo alijitolea mwezi Mei 1916. Wengi husimulia kwamba alikwenda kulipiza kisasi cha mdogo wake, Douglas, lakini Douglas aliuawa Ufaransa mwezi Juni, Dave akiwa amekwisha kujiandikisha, na ni haki tumtendee marehemu kwa kulisema hilo wazi.

Tarehe 4 Oktoba 1917, katika mashambulizi ya Passchendaele, Ubelgiji, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kipande cha kombora kilitoboa kofia yake ya chuma, akafariki siku hiyohiyo. Kaburi lake liko Poperinge, Ubelgiji, na jiwe lake limechongwa jani la fern, mmea ulio nembo ya New Zealand, alama ileile aliyoivaa kifuani uwanjani.