Muulize Shangazi: Feri haiji, umeme umekatika, wenzangu wanacheka tu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa watoto wawili, tumehamia Shetland, vile visiwa vya kaskazini kabisa mwa Uskoti, nimepata kazi ya kuhudumia wazee. Shangazi huku upepo sio mchezo. Juzi feri ya mizigo haikuja, maziwa na mboga dukani vikaisha, alafu umeme ukakatika, na saa tisa alasiri giza limeshaingia. Wenzangu kazini wanacheka tu, mmoja ananiambia eti huu bado ni upepo mdogo! Mi najifungia chooni nalia. Hawa watu wana roho gani, au mi ndo mwoga? Na watoto usiku hawalali, wanasema paa litang'oka. – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. We sio mwoga hata kidogo, hapo ulipo ni latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, katikati ya njia ya dhoruba, manake majira ya baridi hewa ya Aktiki na ile ya joto ya kusini zinazidi kutofautiana, upepo wa juu angani unapata nguvu na kanieneo za chini, yaani sehemu zenye mgandamizo mdogo wa hewa zinazoleta dhoruba, zinakuja Atlantiki moja baada ya nyingine, hii haijaisha ile inabisha hodi. Desemba kuna siku mchana wenyewe haufiki hata masaa sita. Mtu yeyote angechoka.

Sasa hao wenzako. Mi nadhani wanacheka kwa sababu kazi ya kujiandaa walishaimaliza, hamna siri nyingine. Ukiwa na unga, mchele, maharage na maziwa ya unga ya wiki mbili ndani, tochi ina betri, pawabenki imejaa, mapipa ya taka yamefungwa kamba, feri isipokuja inakuwa habari tu, sio msiba. Ila ukiwa na nusu mkate na simu ina asilimia nane, hapo nani atacheka? Kwa hiyo anzia kwenye stoo mwanangu. Na gari lipaki likiangalia upepo unakotoka, fungua mlango mmoja mmoja tena uushike kwa nguvu, milango ya gari huko inang'oka kweli.

Naomba hili unisikilize vizuri. Umeme ukikatika usije ukaingiza jiko la mkaa ndani, wala lile la gesi la kuchomea nyama nje, hata kama baridi imekushinda. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaua watu wamelala. Kusanyeni mablanketi chumba kimoja, mlango mfunge, mlale wote pamoja. Desemba 2022 theluji na barafu vililemea nyaya za umeme huko Shetland mpaka zikaanguka, maelfu ya nyumba zikakaa gizani, nyingine siku kadhaa. Kwa hiyo jirani mwenye jiko la kuni mjue leo, sio siku hiyo, na mwambie kabisa kwamba ukikwama utamgongea.

Alafu we una bahati ambayo wengi hawana, unashinda na wazee. Waulize kuhusu Januari 1993! Tarehe 5 mwezi huo meli ya mafuta, Braer, ilipanda mwamba kusini mwa kisiwa kikubwa ikiwa na tani kama 85,000 za mafuta ghafi, na dhoruba hazikukoma, siku chache baadae kanieneo ikashuka mpaka milibari 914, chini mno kuliko kawaida, kwenye Atlantiki ya kaskazini, na ni huohuo upepo na mawimbi vilivyoyatawanya mafuta baharini. Mtu aliyepitia mwezi ule akikwambia huu wa juzi ni mdogo hakudharau, anapima na alichokiona. Waache wasimulie, na we wasimulie mvua za kwenu, utashangaa mtakavyocheka.

Utani nao unaujua, kwetu mtani anakuchokoza mpaka msibani, na ni yeye huyohuyo anabeba maji na kuni. Wa huko ndo hivyohivyo, anayekucheka leo kesho yuko mlangoni na supu. Ila kuna mpaka: kukiwa na mashua bado iko baharini, utani unanyamaza.

Na Jumanne ya mwisho ya Januari nenda Lerwick, mji mkuu wa huko Shetland, na watoto ukaone sherehe ya moto ya Up Helly Aa. Mamia ya watu wamevaa mavazi ya ajabuajabu, wanaandamana usiku na mienge, mwisho wanaichoma jahazi ya mtindo wa Waviking waliyoiunda wenyewe miezi na miezi. Hawaahirishi kwa ajili ya hali ya hewa, upepo uvume, mvua inyeshe, wanatembea tu. Mi napenda sana hiyo. Katikati ya giza lile watu wameamua kuwasha moto na kuimba.

Kuhusu watoto, usiwaambie "hamna kitu", wanasikia wenyewe kwamba kuna kitu. Waambie nyumba za huko zimejengwa na watu wanaoujua huo upepo. Alafu wafundishe kipimo cha Beaufort cha nguvu ya upepo, alikianzisha afisa wa jeshi la maji la Uingereza mwaka 1805, kinaanzia 0 kutulia kabisa mpaka 12 upepo wa kimbunga. Namba 8 inaanza kilomita 62 kwa saa, 12 inaanza 118. Kila mtu abahatishe namba kabla ya kulala, aandike kwenye karatasi, asubuhi mnaangalia taarifa ya hali ya hewa nani kapatia. Mshindi anachagua uji uwe na sukari au asali.

Kulia chooni usione aibu, ila wiki ijayo mwambie yule mwenzako wa "upepo mdogo" kwamba unaogopa. Mwambie hivohivo, bila kuzunguka.