Kabla hujamtaja mtakatifu, tafuta mwanga unatoka wapi

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu, yuko seminari, kanitumia ujumbe: "Shangazi, shikamoo. Tumepewa picha ya Caravaggio, Wito wa Mtakatifu Mathayo, tuichambue kurasa nne. Nimeanza ila sijui kama naenda sawa." Caravaggio ni mchoraji Mwitalia wa miaka mia nne iliyopita. Chini ya ujumbe kaambatanisha ukurasa wa kwanza. Niliusoma nikacheka peke yangu, maana ulikuwa ule ule niliouandika mimi nilipoanza kusoma historia ya sanaa. Unaanza na Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, 1545 hadi 1563. Unapita kwa Waprotestanti. Unatua kwenye Injili ya Mathayo, sura ya 9, Yesu anapomwita Mathayo mtoza ushuru amfuate. Picha yenyewe inaingia mwishoni kabisa, na hapo inaitwa "nzuri, yenye kugusa moyo".

Wa kwangu ulirudishwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Mahubiri mazuri." Alama sitaji. Nilinuna siku tatu. Mkatoliki wa kuzaliwa, nimekua chini ya kalenda ya parokia, leo mtu anifundishe habari za Mathayo? Kumbe tatizo lilikuwa hapo hapo. Hadithi nilikuwa naijua mno, kwa hiyo sikuona haja ya kutazama.

Kilichonizindua ni kuishiwa sarafu. Picha hiyo iko Roma, kanisa la San Luigi dei Francesi, karibu na Piazza Navona, katika kikanisa cha pembeni upande wa kushoto. Kardinali Mfaransa aliyeitwa Contarelli, aliyefariki 1585, ndiye aliyeacha fedha za kukipamba, na kwa kuwa jina lake la ubatizo ni Mathayo, kikanisa kikawa cha Mathayo. Ndani ni giza. Kuna kisanduku: unatumbukiza sarafu, taa inawaka, watu wanainua simu, mara inazima. Nilitumbukiza zote nilizokuwa nazo. Wenzangu wakaondoka, mimi nikabaki gizani nikimsubiri mtalii mwenye chenji.

Macho yalipozoea ndipo nikaona kile ambacho ile taa ilikuwa inakificha. Juu ya altare ya kikanisa kuna dirisha. Picha ya Wito iko ukuta wa kushoto, kwa hiyo ukiitazama, dirisha lile liko mkono wako wa kulia. Na ndani ya picha, mwanga unatoka wapi? Kulia, juu, unashuka kwa mshazari mpaka kwenye nyuso za watu waliokaa mezani. Caravaggio kachora kana kwamba mwanga wa kanisani umepenya ukaingia kwenye turubai. Halafu cheki na hili: ndani ya picha kuna dirisha jingine, kubwa, liko juu ya meza, na halitoi mwanga hata kidogo. Kalichora, kisha kalinyima kazi. Ukishajiuliza kwa nini, umeshaanza kuchambua, hata kama Trento hujaitaja.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: futa ukurasa wote. Kaa na picha dakika kumi na penseli, andika unachokiona bila kumtaja mtu kwa jina. Andika "mwanaume mwenye ndevu na kofia nyeusi, ananyoosha kidole". Usiandike "Mathayo". Kwenye picha hii hasa, ukiandika Mathayo mapema umekwisha, kwa sababu wataalamu wenyewe wanabishana ni yupi. Yule mwenye ndevu anajionyesha mwenyewe, kama kusema "mimi?", au anamwonyesha kijana aliyeinamia sarafu mwisho wa meza? Mimi niko upande wa mwenye ndevu, kwa kuwa picha nyingine mbili za kikanisa hicho hicho zinamwonyesha Mathayo mwenye ndevu, na mtu akisimama pale anaziona zote tatu kwa pamoja. Lakini ukitetea yule kijana kwa hoja utapata alama. Utakayekosa ni wewe uliyeandika kana kwamba swali halipo.

Baada ya hapo, mwanga. Sisi tuliokulia kwenye kibatari tuna bahati katika hili. Unakumbuka mnavyokaa kukizunguka: upande mmoja wa uso wa bibi umewaka, mwingine umemezwa, mgongo wake haupo kabisa, na mtu akiinua mkono, mkono ndio unaokuwa habari ya chumba kizima. Wachoraji wa Baroko, mtindo wa sanaa wa miaka ya 1600, waliomfuata Caravaggio waliishi kwa ujanja huo. Kama huna kibatari, usiku zima taa, shika tochi ya simu ubavuni mwako, ujitazame kwenye kioo. Kisha rudi kwenye picha na ujiulize: kipi kimepewa mwanga, kipi kimenyimwa? Kwenye Wito, Yesu mwenyewe karibu wote yuko gizani. Kilichobaki ni sehemu ya uso, mstari mwembamba wa taji la utakatifu, na mkono.

Huo mkono usiupite haraka. Umelegea kidogo kwenye kifundo, kidole hakijakaza, si mkono wa mtu anayeamrisha. Michelangelo ndiye aliyeuchora kwanza, kwenye dari la kikanisa cha Sistina kule Vatikano, na pale ni mkono wa Adamu anayeumbwa, wala si wa Mungu anayeumba. Kristo kapewa mkono wa Adamu. Mseminari anajua Mtakatifu Paulo alisema nini juu ya Kristo kama Adamu mpya, kwa hiyo teolojia yake atapata pa kuiweka, ila sasa ina kitu cha kushika. Mbele ya Yesu yupo Petro, kamziba nusu, naye ananyoosha mkono vile vile kwa unyonge zaidi. Picha za eksirei zimeonyesha kwamba Petro aliongezwa baadaye. Kama aliongezwa, basi mchoraji alitaka kitu kwake. Nini? Hiyo ni aya nzima.

Na mavazi. Biblia yetu inasema Mathayo alikuwa "ameketi forodhani", na mtu wa Pwani akisoma hapo haoni Kapernaumu. Anaona majahazi, magunia na karani mwenye daftari. Caravaggio naye kafanya hivyo hivyo. Forodha yake ni chumba cha Roma ya mwaka 1600: vijana wana kofia za manyoya ya ndege, mmoja ana upanga kiunoni, mzee kavaa miwani ahesabu vizuri. Walioingia wawili, Yesu na Petro, ndio wamevaa mashuka ya kale na wako pekupeku. Nyakati mbili ziko chumba kimoja.

Historia nayo ina nafasi yake, ila isubiri mpaka kitu ndani ya picha kiiite. Mfano mzuri uko palepale, kwenye altare. Picha ya kwanza ya Mathayo na malaika, ya 1602, haikuwapendeza wenye kikanisa. Ilimwonyesha mtakatifu kama mzee wa shamba, kakunja nne, mguu mtupu umejitokeza kuelekea altare, na malaika kamshika mkono kama mtoto wa chekechea anayejifunza herufi. Ikanunuliwa na mkusanyaji Vincenzo Giustiniani, mwishowe ikafika Berlin, na huko ikaangamia 1945. Imebaki kwenye picha za nyeusi na nyeupe tu. Ya pili, iliyopo hadi leo, ina heshima zake: joho zuri, malaika yuko hewani akihesabu kwa vidole. Lakini tazama chini. Kigoda alichopigia goti mtakatifu kimeinama, mguu wake mmoja umetoka nje ya ukingo, kidogo kimdondokee padri anayesoma misa. Mguu wa mzee uliondolewa, ukaja wa kigoda. Hapo sasa ndipo uitaje Trento na agizo lake la Desemba 1563 kwamba picha za kanisani zifundishe na ziwe na staha, kwa sababu msomaji kashaona agizo hilo linagombana na nini.

Rubens, mchoraji mwingine wa Baroko, nitampitia kwa haraka, ingawa hastahili haraka. Kule Antwerp, Ubelgiji, kanisa kuu, kuna Kushushwa Msalabani, 1612 hadi 1614. Fuata sanda nyeupe kutoka juu kulia hadi chini kushoto, nayo itakutembeza picha nzima. Mmoja wa wanaume walio juu ya ngazi kaing'ata sanda kwa meno, maana mikono haitoshi. Mguu wa Yesu umetua begani kwa Magdalena. Kila mtu kabeba, kila mtu kagusa. Sasa uliza nani alilipa: chama cha askari wa bunduki wa mji ule, ambao msimamizi wao ni Kristofa, jina lenye maana ya mbeba Kristo. Kwenye ubao wa pembeni mmoja Maria ni mjamzito, kwenye mwingine Simeoni kampakata mtoto. Ukianza na chama, hiyo ni habari ya kando. Ukianza na sanda, chama kinakuja kama jibu.

Jihadhari na umbea pia. Kuhusu Kifo cha Bikira Maria cha Caravaggio, kilichokataliwa na watawa Wakarmeli na sasa kiko makumbusho ya Louvre, Paris, utasoma kila mahali kwamba mwanamke aliyechorwa alikuwa kahaba, wengine wanasema maiti iliyotolewa mtoni. Ni maneno ya waandishi wa zamani, na yanaenea kwa kuwa ni matamu. Huyahitaji. Miguu ile mitupu, tumbo lililovimba, beseni la shaba pale chini na lile pazia jekundu kubwa vinatosha kueleza kwa nini mapadri walishtuka.

Na jambo dogo la simu. Usichambue picha iliyokatwa kingo, maana kingo ndizo zinazokuambia mwanga unaingilia wapi. Tafuta picha inayoonyesha kikanisa kizima, ujue altare iko wapi na wewe umesimama wapi.

Nilimtumia yote haya kwa sauti, dakika kumi na mbili, maskini. Kesho yake akajibu: "Shangazi, mbona mkono wa Yesu unamwita Mathayo lakini miguu yake imeshageukia kutoka?" Nikafungua picha nikatazama kona ya chini kulia, kwenye kivuli. Kweli. Nikamwandikia aanzie hapo.