Kwa nini mng'ao wa oksidi ya zinki hufifia
Mwalimu, umeuliza kwa nini unga wako wa oksidi ya zinki hupoteza mng'ao ukichanganywa na oksidi ya grafini (tabaka nyembamba mno za kaboni zenye oksijeni). Unga wako haujaharibika: katika mchanganyiko huo, elektroni zilizochochewa na mionzi ya urujuanimno huhamia kwenye tabaka za grafini kabla hazijarudi mahali pake na kutoa nuru. Pengo la nishati la oksidi ya zinki, yaani nishati inayohitajika kuchochea elektroni zake, ni takriban elektronivolti (eV) 3.3, hivyo taa ya urujuanimno ya nanomita 365 inatosha. Hapa Tabora nimeitazama kwa taa ya kukagulia noti, unga mkavu ukitoa nuru hafifu ya kijani na mchanganyiko ukibaki karibu mweusi. Hata hivyo, oksidi ya grafini ni ya kahawia na yenyewe hufyonza mwanga, kwa hiyo weusi pekee hauthibitishi kwamba elektroni zimehama; ni lazima upimwe pia muda ambao mng'ao hudumu baada ya kuchochewa, muda ambao hufupika elektroni zinapohama.